Leseni ya kufunga sprinkla: ya Texas itafaa North Carolina?

fundi_maji
Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Niko Dallas mwaka wa nne, nafunga mifumo ya kumwagilia bustani za majumbani. Nina leseni ya teknishiani ya TCEQ, idara ya mazingira ya jimbo la Texas. Mke wangu amepata kazi Raleigh, North Carolina, tunahama mwezi wa nane, nami nataka nikifika nijitegemee. Trela na mashine ya kuchimba mtaro nimeshanunua. Shemeji aliyeko huko ananiambia njoo tu, leseni unayo. Roho haijatulia. Aliyepitia njia hii naomba anishike mkono.

mzee_wa_bomba
Mdogo wangu, marahaba. Umefanya vema kuuliza kabla ya kufunga mizigo. Marekani haina leseni moja ya nchi nzima kwa kazi hii, kila jimbo lina yake. North Carolina wana bodi yao maalumu ya wakandarasi wa umwagiliaji, iliyotokana na sheria ya 2008. Kazi ikifika dola 2,500 unatakiwa uwe na leseni yao: mtihani, uzoefu wa miaka mitatu, na dhamana ya dola 10,000. Dhamana isikutishe. Huziweki mezani zote, unalipa ada kwa kampuni ya bima nayo inakudhamini.

Halafu hiyo ya teknishiani hata hapo Texas haikuruhusu kufungua kampuni. Unafanya kazi chini ya mwenye leseni kamili. Angalia gari la bosi wako ubavuni: zile herufi LI (yaani mmwagiliaji mwenye leseni) na namba yake, urefu inchi mbili, pande zote mbili. Huyo ndiye anayebeba mfumo mbele ya sheria.

fundi_maji
Kweli kabisa, naiona kila asubuhi. Sasa shida yangu mzee: bosi wa mwaka wa kwanza alikuwa ananilipa taslimu, sina karatasi hata moja. Na shemeji anasema kazi ya dola 4,800 niiandikie ankara mbili za 2,400.

mzee_wa_bomba
Hapo shemeji anakupeleka pabaya. Wanajumlisha mikataba yote ya eneo moja la kazi, vifaa na nguvu kazi pamoja. Ukigawa ankara mbili, jumla ni ileile. Kuhusu uzoefu, miaka mitatu iliyobaki una W-2, ile fomu ya mshahara na kodi anayotoa mwajiri kila mwaka? Basi kusanya hizo, omba na barua kwa bosi wa sasa ukiwa bado naye vizuri. Kisha iulize bodi inapokea ushahidi gani.

MamaTumaini
Mimi niko Illinois, mume wangu yuko kwenye kazi hii. Huku mkandarasi anajisajili kwa idara ya afya ya umma. Nilishangaa, afya na majani wapi na wapi? Akanionyesha nyumbani kwetu. Kichwa cha sprinkla kimelala kwenye tope lenye mbolea na kinyesi cha mbwa, na bomba lake limeungwa na lile la jikoni. Zimamoto wakifungua maji mtaani presha inashuka, yale machafu yanavutwa kurudi ndani. Ndiyo maana kile kifaa cha kuzuia maji yasirudi, huku lazima kifungwe na fundi bomba mwenye leseni. Kaka, popote uendako uliza kwanza nani anaruhusiwa kukigusa. Watoto wanakunywa maji hayo.

kijana_wa_LA
California ni C-27, leseni ya bustani kwa ujumla, uzoefu wa miaka minne na dhamana ya dola 25,000. Tangu Januari 2025 kazi ndogo isiyofika dola 1,000 unaweza kufanya bila leseni, ila uwe peke yako na kazi isiyohitaji kibali.

fundi_maji
Nimewaelewa, Mungu awabariki. W-2 za miaka mitatu ninazo kwenye begi la pasipoti. Trela nisiuze?

mzee_wa_bomba
Usiuze. Anza na matengenezo: kubadilisha vichwa vilivyovunjika, valvu inayovuja, kazi ambazo jumla yake haifiki 2,500. Halmashauri ya mji uiulize kuhusu vibali. Huku ukisoma mtihani.

fundi_maji
Barua ya bosi naiomba Jumatatu, kabla sijamwambia naondoka lini.

MamaTumaini
Mwambie ukweli kwanza, kaka. Barua ya mtu uliyeagana naye vizuri atakuwa tayari kuithibitisha bodi wakimpigia simu.