Sigatoka inamaliza migomba, na kahawa iliyo katikati ni ya kilimo hai

Mwana Kibanja (Muleba)
Wakuu, heshima kwenu. Nina sigatoka, ule ugonjwa wa ukungu wa majani. Majani ya migomba yangu yanaanza na vistari vyembamba vya kahawia upande wa chini, vinageuka madoa meusi yenye kijivu katikati, mwisho jani zima linakauka na kuning'inia. Mgomba unachanua ukiwa na majani machache mno ya kijani, mkungu unatoka mwembamba na ndizi zinaiva kabla ya kukomaa. Jirani anasema nipige dawa ya ukungu. Lakini kwenye kibanja kuna kahawa inayouzwa kama ya kilimo hai, na nikikutwa na dawa naondolewa kwenye kilimo hai. Nifanyeje?

Mtwike Turiani
Pole mkuu. Mimi nina migomba ya aina ya Mtwike tupu, na huwa napiga dawa. Mankozebu inakinga juu ya jani tu na mvua inaiosha; propikonazoli inaingia ndani. Nazibadilisha, kwa sababu hiyo ya pili ukiirudia peke yake ukungu unaizoea. Ila kwako usithubutu, mvuke wa bomba utatua kwenye kahawa. Na dawa peke yake haimalizi: Costa Rica mashamba makubwa yanapuliziwa kwa ndege zaidi ya mara 40 kwa mwaka, na sigatoka bado ipo.

Bwanashamba Mstaafu
Ndugu yangu wa Muleba, anza na panga. Kila wiki au mbili pita shambani. Jani lililokufa zaidi ya nusu liondoe lote. Lililoungua ncha tu, kata hiyo ncha, uache kijani kifanye kazi. Jani kavu linaloning'inia ndilo hatari, kwani likilowa linarusha mbegu za ukungu na upepo unazipeleka kwenye majani machanga. Yashushe, uyapange chini moja juu ya jingine.

Panga nalo lioshe kwa JIK au lipitishe motoni kila unapohama shina. Nalisisitiza hili kwa sababu mnyauko bakteria umo Kagera tangu 2006, na panga chafu litakuletea balaa kubwa kuliko sigatoka.

Kisha punguza machipukizi: kila shina liwe na mama, mtoto, mjukuu, basi. Shina lililosongamana halikauki umande. Weka samadi na matandazo, maana mgomba ulioshiba unatoa jani jipya haraka. Ukishachanua hautoi jingine, kwa hiyo yatunze yaliyopo. Miti ya kivuli usiikate, inapunguza makali ya ugonjwa huu.

Mama Karagwe
Mwanangu, pembeni ya kibanja panda migomba chotara ya FHIA 17 au 23, inastahimili sigatoka. Kwa ndizi ya kupika, ulizia aina mpya za TARIBAN pale TARI Maruku, kituo cha utafiti wa kilimo, zilitolewa 2021. Ladha ya ndizi zetu za asili usitegemee kuipata kwenye FHIA, nakuambia mapema.

Mwana Kibanja (Muleba)
Asanteni sana. Na dawa za shaba? Nasikia kilimo hai kinaziruhusu.

Bwanashamba Mstaafu
Zinaruhusiwa kwa kiwango. Ulaya ukomo ni kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7, kwa kuwa inajikusanya kwenye udongo na haiondoki. Usinunue kabla mkaguzi wa chama chenu hajaiona lebo. Mimi ningemaliza kwanza msimu mzima wa mvua kwa panga na samadi, nihesabu majani ya kijani kwenye migomba inayochanua. Yakifika manane, shaba ya nini?