Franconia Ridge au Monadnock? Nataka mgongo wa mlima ulio wazi

Mpita_Njia603: Wakuu, tunataka kupanda mlima New Hampshire, sehemu iliyo juu ya miti. Nimebaki na mzunguko wa Franconia Ridge au Monadnock. Kuna anayeniambia Katahdin kule Maine. Ipi bora? Maegesho ya Monadnock ni bora niyaagize mapema.

Mzee_wa_Mawe: Mwezi gani? Wangapi? Viatu? Bila hayo tunakujibu hewani.

Mpita_Njia603: Katikati ya Oktoba, watatu, tunatoka Manchester. Raba za mazoezi.

Mzee_wa_Mawe: Basi Katahdin futa. Mgongo wake wa juu, Knife Edge, ni karibu kilomita 1.8 za mawe makali, shimo huku na huku, na ukishaingia katikati hakuna njia ya pembeni ya kushukia.
Franconia ni kilomita 14 hivi, na unapanda zaidi ya mita 1,100. Panda kwa njia ya Falling Waters, teremka kwa njia ya Old Bridle Path. Usigeuze: Falling Waters ina miamba yenye maji, na magoti yaliyochoka yanateleza wakati wa kushuka. Kutoka kilele cha Little Haystack, kupitia kilele cha Lincoln hadi cha Lafayette (mita 1,600), ni karibu kilomita 2.7 bila mti wa kujikinga. Jua linazama mnamo saa 12 jioni, kwa hiyo saa 1 asubuhi muwe mmeshaanza, kila mtu na tochi yake ya kichwani.

Mchagga_Halisi: Mita 1,600? Geti la Marangu tu liko juu ya 1,800 😂

Dada_Sufu: Mchagga, kule miti inaishia karibu mita 1,400 kwa sababu ya baridi na upepo. Halafu njia haizunguki, inapanda wima juu ya mawe, na hakuna mpagazi.
Mleta mada, jinzi na fulana za pamba acheni nyumbani. Jasho la kupandia linabaki kwenye pamba, mkifika juu upepo unalipoza, na mwili unaanza kupoteza joto hata kama hakuna barafu. Vaeni sufu au polyesta, koti la kuzuia upepo, glavu, kofia. Maji lita 2 hadi 3 kila mmoja. Ukishaviacha vijito vya Falling Waters, mgongoni hakuna maji.

Ramani_Mkononi: Hakuna aliyetaja ukungu. Kosa la kawaida liko kileleni Lafayette. Mtu anafuata marundo ya mawe kutoka Lincoln, anafika juu haoni mbele, na anaendelea moja kwa moja kaskazini. Hiyo ni Garfield Ridge, inakupeleka mbali na gari lako. Akigundua, anakata kushoto kuteremka korongoni, anakwama kwenye vichaka vya misonobari mifupi vinavyong'ang'ania nguo, giza linaingia, simu imekufa kwa baridi. Njia sahihi ni Greenleaf, magharibi, hadi kibanda cha Greenleaf, ndipo Old Bridle Path inapoanza. Mkiwa Little Haystack, rudini mlikotoka kama hamwoni rundo linalofuata.

Mchagga_Halisi: Waokoaji si wapo? Kuna ile kadi ya Hike Safe, dola 25.

Ramani_Mkononi: Kadi inakulinda na bili ya uzembe. Ukifanya ujeuri wa makusudi bado unalipa. Na waokoaji wanapanda kwa miguu kama wewe, kwa saa kadhaa.

Dada_Sufu: Mimi nasema Monadnock. Njia ya White Dot kupanda, ya White Cross kushuka, kama kilomita 6.5 zote. Kilele ni mwamba mtupu ingawa ni mita 965 tu, mioto ya zamani iliunguza miti na udongo.

Mzee_wa_Mawe: Monadnock si mgongo, ni kilele kimoja chenye foleni. Yeye ameuliza mgongo.

Dada_Sufu: Ameuliza mgongo akiwa na raba. White Dot ikilowa nayo inaangusha watu, soli iwe na meno.

Mpita_Njia603: Raba zetu soli bado nzima. Tukienda Franconia Jumamosi, gari tunaacha wapi?

Mzee_wa_Mawe: Lafayette Place, lakini msimu wa majani mekundu inajaa alfajiri. Msiegeshe kando ya barabara kuu, gari litavutwa. Angalieni kama basi la wapanda mlima kutoka maegesho ya Cannon, mlima wa jirani, linafanya kazi wikiendi hiyo. Na hujajibu: wenzako wawili wana makoti?