Tupeane uzoefu: tunaokaa jirani na kresha za kokoto na viwanda, hili vumbi mnaishi nalo vipi?

#1
Habari zenu wakuu. Mimi nipo pembezoni mwa Dodoma mjini, toka kwangu mpaka kwenye kresha (mtambo wa kuponda mawe) hata kilomita haifiki. Kiangazi hiki tumechoka jamani. Juzi mama mkwe kaanika mlenda saa nne, saa tisa anaenda kuanua majani meupe kama yamepakwa unga, tumesuuza maji matatu na bado ukitafuna meno yanakwaruza. Na hilo tunaloliona ni lile zito, linadondoka karibu. Linalonitisha ni lile jembamba la chini ya mikromita 10 linalosafiri na upepo, na la chini ya 2.5 linashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, wakati unywele mmoja wa kichwani una kama mikromita 70. Tuambizane.

#2
Kibaigwa hapa, kwetu ni pumba za mahindi. Msimu wa mavuno mwanangu mwenye pumu namhamishia kwa bibi yake.

#3
Nimepiga kazi kresha miaka minne. Maji yakifunguliwa pale mawe yanapopondwa unamuona mwenzako wa upande wa pili, wakizima ili kubana dizeli ya pampu humuoni, na barakoa ni ya kitambaa, moja wiki nzima. Mawe yetu mengi huku ni graniti, yana madini ya silika, ukilivuta vumbi lake miaka linaacha makovu kwenye mapafu na dawa ya kuyaondoa hayo makovu hakuna. Rafiki yangu alimeza dawa za TB awamu mbili, anakohoa tu anakonda, kuja kupigwa picha ya kifua na daktari aliyemuuliza unafanya kazi gani ndo ikajulikana ni silikosisi, yaani hayo makovu ya vumbi la silika. Wakuu mkienda hospitali semeni kazi yenu!

#4
Msisahau matipa. Kwetu barabara inatimua kuliko mtambo wenyewe, na alfajiri hewa ikiwa ya baridi imetulia vumbi linalala chini kama ukungu, watoto wa shule wanapita humo humo. Tulienda na mwenyekiti wa mtaa, mwenye mtambo akakubali boza la maji mara mbili kwa siku na matipa kufunika turubai. Miezi miwili tukapumua, boza likakata, sasa tunaandika barua NEMC, lile baraza la taifa la mazingira.

#1
#3 asante sana mkuu, umenishtua. Mdogo wangu ana mwaka wa tatu pale kresha na kikohozi anasema mafua tu. Kesho asubuhi naenda naye akapigwe picha.