Mbavu ina ufa, sikukuu imefika na niko ugenini. Mliopitia hii mliishije?

Kiatu_Kimoja:
Wakuu habari zenu, heri ya sikukuu kwa wote. Naombeni ushauri. Nimekuja nje ya nchi kula sikukuu kwa dada yangu, sasa juzi nikateleza kwenye ngazi za nje nikajigonga ubavu kwenye ukingo wa ngazi, maumivu yake msiombe. Tukaenda hospitali wakapiga eksirei, daktari akasema mbavu moja ina ufa ila pafu liko salama, akaandika vidonge akaniambia haya nenda nyumbani. Hamna bandeji, hamna plasta, hamna chochote. Nikatoka najiuliza hawa wamenipuuza kwa vile ni mgeni au ndo utaratibu?

Shida sasa nyumba imejaa watu na mimi kwa macho sionekani mgonjwa. Angekuwa mguu ningekuwa na magongo watu wangeona, lakini hii kila anayeingia ananikumbatia kwa nguvu, watoto wananirukia, halafu shemeji yangu ni mchekeshaji balaa, akifungua mdomo tu natafuta pa kukimbilia maana nikicheka nasikia kama nachomwa kisu. Chafya ndo usiseme. Usiku silali. Dada anataka nijifungie chumbani nipumzike, na mimi sijasafiri umbali wote huu nije kusikiliza wenzangu wakicheka ukuta wa pili. Wiki ijayo nina ndege ya kurudi, ya masaa mengi tu. Nisaidieni.

ZamuYaUsiku:
Pole sana mkuu. Mimi ni nesi, wagonjwa wa hivi nawaona sana, na hapo hujapuuzwa. Zamani watu walikuwa wanafungwa kifua na bandeji ya kubana, siku hizi imeachwa kwa sababu ukibanwa unapumua juujuu, makohozi yanakaa chini kwenye mapafu, mwisho wake nimonia. Mbavu inaunga yenyewe, wengi inachukua kama wiki 6, wengine zaidi kidogo.

Sasa kazi yako kubwa ni kupumua, na hapa ndo watu wanakosea maana inauma kwa hiyo wanajibana. Ukiwa macho, kila saa vuta pumzi ndefu taratibu mara kumi hivi, ishikilie kidogo uachie. Kikohozi usikizuie, chukua mto uukumbatie pale panapouma, ukandamize, ndo ukohoe. Chafya na kicheko hivyo hivyo. Huo mto tembea nao mpaka sebuleni, usione aibu, na kwanza utakusaidia kuwakumbusha watu wa kukumbatia.

Vidonge vinywe kwa saa, usisubiri maumivu yapande ndo ukimbilie maji, maana lengo la dawa hapo ni uweze kupumua na kukohoa. Parasetamo za 500mg mtu mzima asiye na shida ya ini ni 2 kila baada ya saa 4 mpaka 6, na zisizidi 8 ndani ya saa 24. Angalia sana dawa za mafua, nyingi ndani yake kuna parasetamo na watu wanajizidishia bila kujua. Ibuprofeni usinywe tumbo likiwa tupu, na kama una vidonda vya tumbo, figo, pumu au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda usiiguse kabla hujauliza. Kama wamekupa yenye kodeini, pombe ya sikukuu sahau, viwili hivyo vikikutana vinashusha upumuaji. Kodeini pia inafunga choo, kunywa maji ya kutosha maana kujikamua na mbavu hiyo, mmh.

Pumzi ikizidi kubana, au ukapata homa, makohozi ya kijani au yenye damu, au maumivu ya tumbo au bega, nenda hospitali saa hiyo hiyo, habari za ngoja wageni waondoke hapana. Mbavu za chini ziko jirani na bandama upande wa kushoto na ini upande wa kulia.

Mjomba_Sugu:
Mambo ya kisasa hayo. Funga shuka kifuani kaza kabisa, sisi tumepona hivyo na tupo.

ZamuYaUsiku:
Mjomba heshima yako, ila hapana jamani. Waliopona wapo, na waliolazwa kwa nimonia mimi ndo nawapokea.

Mkaa_Pembeni:
Mimi yalinikuta kwenye harusi ya ndugu huko mbali, mbavu mbili. Hapo kwenye kujifungia chumbani nipo upande wako, ukikaa peke yako maumivu yanakuwa ndo mada pekee. Ila ukae kwa akili. Chagua kiti kigumu chenye mikono, kipo pembeni mgongo ukutani, masofa yale ya kuzama usikalie maana kunyanyuka utaomba winchi. Watu waje kwako, wewe usizunguke. Na dada yako ndo atoe tangazo mlangoni, wewe ukianza kumweleza kila mgeni habari ya ngazi utachoka kuongea na kuongea kwenyewe kunauma. Saa ya dawa ipange iangukie kabla ya ule muda wa watu wengi, ukianza kuchoka unaaga unaenda kulala, hamna atakayekasirika.

Kulala usilale bapa, panga mito mgongoni uwe kama umekaa nusu. Kuamka usijikunje kama unafanya mazoezi ya tumbo, geukia upande mzima, shusha miguu kwanza halafu jisukume na mkono.

Kiatu_Kimoja:
Nimewaelewa sana, nesi Mungu akubariki, nilikuwa nishawalaani wale madaktari. Mto nimeshachukua. Na ndege je?

Tiketi_Mkononi:
Mkuu kwenye ndege swali la kwanza ni pafu. Huko juu hewa ndani ya ndege inakuwa nyepesi, ni sawa na kuwa kwenye mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, na hewa yoyote iliyovuja ikanaswa kifuani inatanuka. Kama pafu lingekuwa limetoboka usingepanda mpaka picha ionyeshe limerudi kabisa, na hata hapo wanakuongezea wiki 1 au 2 za kusubiri. Wewe wamesema liko salama, ila rudi kwa daktari siku chache kabla akusikilize tena kifua, akuandikie barua kwamba unafaa kusafiri. Mashirika mengine yana fomu yao ya daktari kujaza, wapigie ujue mapema usije kubishana kaunta.

Omba msaada wa kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla. Najua unatembea, lakini foleni zile na begi la kupandisha juu ya kiti sio vya mbavu yako. Ndani kaa upande wa korido, simama utembee kila baada ya muda, damu isigande miguuni.

Na hivyo vidonge acha kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya daktari. Kodeini kuna nchi wanaidhibiti vikali, Falme za Kiarabu na Japani zimo, na wengi tunaunganisha ndege kwenye nchi za watu bila kufikiria begi lina nini. Kingine, kama una bima ya safari piga namba yao leo, sio ukirudi, na ripoti ya eksirei na risiti zote zichukue ukiwa bado uko huko.

Kiatu_Kimoja:
Bima ninayo, hata sikuikumbuka! Swali la mwisho, dada kanunua dawa ya kuchua anataka anikande na maji ya moto, nimruhusu?

ZamuYaUsiku:
Kuchua mbavu yenye ufa hapana. Siku hizi za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, unapumzisha unarudia baadaye. Dada mwambie ahamishie nguvu kwenye kupanga mito.