Bwawa la umeme linatoaje gesi joto?

mdau_pasua
Wakuu kwema? Nina ubishi na shemeji yangu hapa Moshi, anadai mabwawa ya umeme yanachafua hewa kwa gesi joto, zile zinazopasha dunia, mimi namuuliza pale bwawa la Nyumba ya Mungu umeshawahi kuona moshi? Kanitajia bwawa la Balbina kule Brazil eti kwa uchafuzi linazidi umeme wa makaa ya mawe. Kweli au ananipiga kamba?

kikuletwa_juu
Hakupigi kamba mkuu. Ukijaza bwawa unazamisha miti na udongo, kule chini oksijeni inaisha vinaoza bila hewa, inatoka methani, ndo ileile ya mitambo ya bayogesi ya samadi huku Machame, ila hii haipikii mtu chai. Nyingine inapanda kwa mapovu, nyingine imeyeyuka kwenye maji ya chini ikifika kwenye mitambo presha inashuka inachomoka. Na nchi za joto ndo balaa maana maji yakiwa na joto uozo unaenda kasi, halafu methani ukipima kwa miaka 100 inapasha kama mara 28 ya hewa ukaa, ukipima kwa miaka 20 inapita mara 80! Balbina walizamisha zaidi ya kilometa za mraba 2,000 za Amazon kwa megawati 250 tu, uchizi ule.

mama_wawili_Njiro
Sawa ila msitie yote kapu moja jamani, bwawa la Itaipu, kule mpakani mwa Brazil na Paraguay, lina eneo dogo kuliko Balbina na mitambo yake ni megawati 14,000. Nyumba ya Mungu ni megawati 8, kwa hesabu hiyo ya eneo kwa megawati itaonekana mbaya sana, lakini yale maji yanaenda kuzungusha mitambo ya Hale na New Pangani Falls pia, bado umwagiliaji, bado perege. Gesi yote uibebeshe hizo 8?

mdau_pasua
Na miti ikishaoza ikaisha?

kikuletwa_juu
Inapungua ila haiishi. Kiangazi maji yanarudi nyuma nyasi zinaota pembeni, mvua ikija zinafunikwa zinaoza upya, na mito nayo inaleta tope na mbolea za mashambani kila mwaka. Miaka ya mwanzo ndo mbaya zaidi, ndo maana mimi macho yangu yako Rufiji, bwawa la Nyerere la megawati 2,115 lilianza kujazwa Desemba 2022, kama ni kupima methani wapime sasa hivi.