Tupeane uzoefu: Waliopandikiza nywele, ulichagua FUT, FUE au DHI, na kovu likoje?

Utosi Wazi (Kampala)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Kila nikiulizia kupandikiza nywele naletewa video za Wazungu na Waturuki wenye nywele zilizonyooka. Sisi wa kipilipili tuko wapi? Nataka kuwasikia wenye vichwa kama changu, waliochomwa ganzi, wakakatwa, wakalipa, na sasa wanajitazama kwenye kioo.

Nianze na ninachokielewa ili tusizunguke. Nywele hutolewa kisogoni na pembeni, maana za huko haziguswi na homoni inayoangusha za utosini, na zikihamishwa huendelea na tabia ya kwao. Daktari Norman Orentreich wa New York alilionyesha hilo tangu miaka ya 1950. Ubishi uko kwenye namna ya kuzitoa. FUT unakatwa ukanda wa ngozi kisogoni, kidonda kinashonwa, ukanda unachambuliwa chini ya darubini kuwa vipandikizi vidogo, yaani grafti, kila moja ina nywele 1 hadi 4. FUE grafti zinatobolewa moja moja kwa kichuma chenye mdomo wa duara, upana wake karibu milimita 1. DHI kwenye kutoa ni FUE ile ile. Kinachobadilika ni upandaji, kwamba wanatumia kalamu yenye sindano inayotoboa na kupanda kwa mpigo mmoja. Ila ukiona bei zake utadhani ni vitu viwili visivyojuana.

Haya, semeni. Majina ya kliniki tuyaache, tusije tukapelekana mahakamani.

Afande Mstaafu (Bombo)

Marahaba kijana. Mimi ni mtu wa ukanda. Nilifanyiwa Uhindi, nilikuwa nimempeleka mama watoto kwa matibabu ya moyo, naye alipopata nafuu nikaona na mimi nisirudi mikono mitupu. Niliitaka FUE kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimesikia. Daktari akaniingiza kidole kisogoni, akapekuapekua, akasema: "Mzee, nywele zako zimepinda mpaka ndani ya ngozi. Nikitoboa kutoka juu nafanya kazi nisiyoiona, nitakata mashina mengi. Nikitoa ukanda, nachambua naona." Nikamwelewa. Hata sisi jeshini hatukufundishwa kupiga risasi gizani.

Zilishika vizuri. Mbele nimejaa, wajukuu wakiona picha za zamani wanauliza huyu ni nani. Lakini kovu lipo, mstari mmoja kutoka sikio hadi sikio. Nikiacha nywele zikue kidogo halionekani. Kasheshe ni kwamba mimi tangu depo nimezoea mashine sifuri. Kinyozi mgeni akishafika kisogoni mashine inasimama hewani, kisha anauliza kwa adabu, "Mzee, ulipigwa panga?" Nilichoka kueleza. Siku hizi namjibu ndiyo, vitani Luweero, na ananinyoa kwa heshima zote.

Kwa hiyo kijana, kabla ya kuuliza njia, waambie watu unanyoaje. Anayefuga nywele ukanda haumsumbui. Anayenyoa sifuri, afikiri mara mbili.

Hajj wa Kibuli

Mimi nilikwenda Istanbul kufanya FUE. Ndege inatoka hapa hapa Entebbe, bei yao inajumlisha hoteli, gari la uwanja wa ndege na mkalimani. Hapo sina lawama. Lawama yangu ni hii: daktari niliyemlipia nilimwona akinichorea mstari wa mbele kwa kalamu, akaniambia kila la heri, akaondoka. Waliobaki siku nzima ni mafundi. Grafti za mwanzo zilipotoka, yule aliyekuwa akizihesabu alinyamaza akamwita mwenzake. Wakaziangalia kwenye kisahani chini ya taa, zilikuwa zimekatika katikati. Wakabadilisha kichuma, wakaleta chenye mdomo mpana zaidi, na kasi ikapungua. Namshukuru Mungu walishtuka mapema. Lakini jamani, hicho kisahani ndicho kilichowafundisha kwamba kichwa changu si kile walichokizoea asubuhi hiyo. Muulizeni mtu kabla: umeshawahi kufanya nywele za Mwafrika, na picha zao ziko wapi? Baada ya mwaka, si baada ya wiki.

Matokeo? Mazuri, siyo kama ya kwenye tangazo. Kisogoni nina vidoti vyeupe vidogo vidogo, nikinyoa namba moja ni mimi tu na kinyozi tunaojua. Nilichokwepa ni ule mstari wa Afande.

Na kwa Waislamu wenzangu: paji la uso litavimba, na uvimbe unashuka mpaka machoni, utaonekana umetoka ulingoni. Kusujudu nilikatazwa kwanza, nikaswali kwenye kiti kwa ishara, kama mgonjwa yeyote. Kofia ikakaa kabatini. Kwenye ndege ya kurudi tulikuwa wengi wenye kitambaa cheusi kwenye paji, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Tajiri wa Kikuubo

Hajj, helmeti ya boda uliifanyaje? Mimi bila boda mjini sifiki popote.

Hajj wa Kibuli

Taksi, ndugu yangu. Na kukaa dirishani ili mtu asinigonge na begi.

Sista (muuguzi, Kampala)

Hajj amesema kweli. Grafti mpya hushika barabara baada ya siku kama 10; kabla ya hapo ukiikwaruza inatoka nzima. Helmeti inabana palepale paji linapoanzia, halafu hizi za abiria zimevaliwa na nusu ya mji. Ukilazimika kupanda boda, ahirisha upasuaji.

Niongezee alipoishia daktari wa Afande. Shina la nywele zetu limejikunja chini ya ngozi kama ndoana. Kichuma cha FUE kinashuka kimenyooka, kwa hiyo fundi asiyejua kukilaza na kuufuata ule mkunjo anakata shina katikati, na shina lililokatwa vibaya halioti upara ulipo wala halirudi lilikotoka. Umepoteza kote kuwili. Hata ile roboti ya ARTAS, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2011, idhini yake ilikuwa kwa wanaume wenye nywele nyeusi au kahawia zilizonyooka. Kwa hiyo ukiambiwa "sisi tuna mashine", uliza mashine hiyo ilifundishwa kwenye kichwa cha nani.

Lakini msiondoke na huzuni. Kujikunja huko huko kunatusaidia upande wa pili: nywele ya kipilipili inafunika eneo kubwa kuliko iliyonyooka, na nywele nyeusi kwenye ngozi nyeusi haionyeshi mapengo. Grafti chache ambazo Mzungu angezilalamikia, kwetu zinatosha.

Jambo ninalowagombeza watu nalo ni kovu la kuvimba, keloidi. Watu wanasema, "Mimi mwili wangu unaota makovu, kwa hiyo nitachagua FUE." Hapana. Kutoboa mara elfu mbili nako ni vidonda elfu mbili. FUE inakuondolea mstari, haikuondolei tabia ya ngozi yako.

Mwana wa Busia

Hapo Sista ndipo mimi ninapoingia. Nina vipele vya kinyozi kisogoni, vile vinavyoanza kuwasha baada ya kunyoa karibu sana, viwili vikagoma vikawa keloidi ngumu. Kliniki ya kwanza hawakunigusa hata kisogo, walitaka nilipe amana siku ileile nipewe "bei ya ofa". Nikavuka kwenda Nairobi kwa daktari wa ngozi. Yeye aliniinamisha kichwa, akabonyeza bonyeza, akakataa kunifanyia upasuaji kamili. Alichokubali ni jaribio: grafti chache tu, akazitoa sehemu iliyofichika, akazipanda kwenye kona ya paji. Tunasubiri miezi tuone ngozi itasemaje. Kama itavimba, basi nimepoteza kidogo na nimejua.

Mke wangu anasema nimelipa nauli ya kwenda kupandwa nywele za kuhesabika. Ni kweli. Lakini yule aliyenikatalia ndiye ninayemwamini.

Mama Saluni (Nsambya)

Wanaume mmeongea, sasa mtuachie nafasi. Upara wetu si wa homoni tu. Mimi nywele za pembeni na mbele zilikwenda na rasta na wivingi, miaka ya kuvutwa mpaka macho yananyooka, tukiambiana "ikiuma ndiyo imeshika". Mimi mwenyewe niko kwenye kazi hii, nawasuka watu kila siku, kwa hiyo najua ninachosema.

Nilichagua FUT, na kwa mwanamke naona ina akili. FUE ya kawaida wanakunyoa kisogo chote. Ningekaaje saluni kwangu na kisogo kilichonyolewa, mteja aniamini? Kwa ukanda walinyoa palepale pa kukata tu, nywele za juu zikashuka zikafunika nyuzi. Kovu sijaliona mpaka leo isipokuwa kwa vioo viwili. Kilichoniuma ni kukaza, kulala chali ilikuwa adhabu, na kuinamia beseni la kuoshea wateja nilimwachia msichana wangu kwa muda.

Daktari alinipa sharti moja: usivute tena. Ukipandikiza kisha ukarudi kwenye rasta za kukaza, zile mpya zitaondoka njia ileile.

Dada zangu, kuna hili jingine. Kama zinaanza kukatika katikati ya utosi, panawasha au panachoma, kisha panaendelea kupanuka na ngozi inang'aa, usikimbilie kupandikiza. Kuna ugonjwa unaotushika sana wanawake weusi, unachoma mashina kutoka ndani na kuacha kovu. Madaktari wanauita CCCA. Wanakata kipande kidogo cha ngozi kukipima. Ukipanda wakati ugonjwa bado unafanya kazi, grafti zinaliwa. Mteja wangu mmoja alipanda bila kupimwa. Sitaki kueleza zaidi, alilia kwenye kiti changu.

Utosi Wazi (Kampala)

Mama, asante. Sikuwa nimefikiria kabisa upande huo.

Kijana wa Arua

Niwape na yangu, nyie mnaotaka DHI. Nilikuwa na miaka 24, mbele zinaanza kurudi nyuma kidogo tu. Niliambiwa kalamu ni teknolojia mpya, inapanda kwa kubana, haina kovu. Nikaomba mstari wa mbele ushuke kama nilivyokuwa sekondari, wakanikubalia bila swali. Na kweli walipanda vizuri! Mstari wa mbele umenyooka kama rula. Shida ni kwamba upara haukujua kwamba nimelipa. Umeendelea nyuma ya zile zilizopandwa, sasa nina ukuta wa nywele mbele, nyuma yake uwanja mtupu. Nikitaka kujaza, kisogoni kumebaki mabaka, walitoa sehemu moja kwa pupa. Daktari wa pili niliyemwona alisema kalamu haina kosa lolote, kosa ni mpango.

Hakuna aliyeniambia kwamba akiba ya kisogo haiongezeki. Ukiimaliza ukiwa kijana, uzeeni unakula nini?

Sista (muuguzi, Kampala)

Pole sana mdogo wangu. Ndiyo maana daktari makini akiona kijana wa miaka 24 anamwanzishia dawa kwanza na kumfuatilia: minoksidili ya kupaka, na kwa wanaume finasteridi miligramu 1 kwa siku. Hazioteshi nywele penye upara mtupu, kazi yake ni kushikilia zilizobaki. Finasteridi kwa baadhi ya wanaume inapunguza hamu ya tendo, semeni na daktari bila aibu. Na mama mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika.

Afande, kama unakunywa hiyo dawa na umepimwa tezi dume, mwambie daktari. Kipimo cha damu cha PSA kinashuka karibu nusu kwa sababu yake, kinaweza kumdanganya.

Afande Mstaafu (Bombo)

Nakunywa, na nimepimwa, na sikumwambia mtu. Kesho narudi.

Utosi Wazi (Kampala)

Swali kwa Hajj na Mama Saluni: miezi ya kwanza mlikaaje? Nasikia zinaanguka tena.

Hajj wa Kibuli

Zinaanguka, usizimie. Wiki chache tu na zile ulizolipia zinabaki kwenye mto. Shina linabaki chini. Mwezi wa tatu au wa nne vinachomoza vinywele vyembamba, na kumhukumu daktari ni baada ya mwaka. Hiyo haijali umefanya FUT, FUE au kalamu.

Kijana wa Arua

Sista, nimeambiwa ndevu zinaweza kujaza utosi. Nina ndevu nyingi. Ni kweli au wananiuzia tena?

Sista (muuguzi, Kampala)

Ni kweli inafanyika, kwa FUE, zinatolewa chini ya taya. Ni nene, kwa hiyo huchanganywa katikati ya utosi, haziwekwi mstari wa mbele. Lakini kwanza niambie: ukinyoa ndevu unaota vipele? Kama vipo, au kama umewahi kuota keloidi kidevuni, fanya kama mwenzako wa Busia, chache za majaribio na subira. Na jina la huyo daktari liangalie kwenye daftari la Baraza la Madaktari la Uganda, UMDPC, kabla hujatoa hata shilingi ya amana. Kama jina halimo, usiende hata kwa mazungumzo.