Pikipiki za stima: sisi wa hesabu ya kila siku tutafikia aje?

nduthi_kondele:
Wadau habarini. Mimi naendesha nduthi (pikipiki ya boda) ya mtu hapa Kisumu, steji ni Kondele, na hesabu, ile pesa ya mwenye pikipiki, napeleka kila jioni mvua inyeshe isinyeshe. Hizi za stima zimeshika mji na mimi sibishani kama ni rahisi kuendesha, najua ni rahisi, vile petroli inakula pesa ya siku kila mtu wa boda anajua. Shida ni kuingia. Kampuni za kuziuza zinataka dipo, yaani malipo ya kwanza, yenye nikiitoa yote watoto hawarudi shule, na ukikosa unapewa kwa mkopo wa kulipa kila siku, alafu ukiangalia vizuri betri si yako, pikipiki utamaliza kulipa lakini betri utakodisha tu. Kwa ploti yangu Nyalenda landilodi hataki mtu achaji kitu kubwa ju mita ni moja na tokeni tunachanga. Sasa mwenye ako na boma na mita yake anachaji usiku akilala, mimi nipange laini kwa kituo cha kubadilisha betri iliyoisha na iliyojaa, na wakati huo wateja wanaenda. Hii mambo ilipangiwa nani? Kuna mtu wa hali yangu ameingia akatoboa?

mwana_wa_lurambi:
Omera pole. Mimi niko Kakamega na nimeingia, lakini si kwa nguvu yangu peke yangu. Steji yetu iko na chama, tulikuwa tunachanga kila wiki ya kununuliana pikipiki kwa zamu, zamu yangu ilipofika nikachagua ya stima. Bila chama ningekuwa bado kwa petroli ya mtu. Na kusema ukweli pesa inabaki, oil sinunui, plagi sibadilishi. Lakini jua hivi vitu mapema, vituo vya betri viko mjini, abiria akiniambia Butere au Malava lazima kwanza niangalie betri imebaki asilimia ngapi ndio nikubali, na safari za mbali ndizo zilikuwa na pesa nzuri. Wenzangu wenye walichukua kwa mkopo wako na shida ingine, ukichelewesha malipo kampuni inazima pikipiki wakiwa huko ofisini kwao, unaweza kuwa na mtoto mgonjwa nyumbani na nduthi imelala. Hiyo ndio inaniuma sana, mwenye alinunua kwa kashi hazimiwi.

mama_wa_section58:
Mimi si wa boda lakini hii inanigusa nikiwa mtu wa Nakuru. Stima ya mvuke wa ardhini inatoka kwetu, Olkaria iko kaunti hii na Menengai iko hapa juu ya mji, na karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya ni ya mvuke, maji, upepo na jua. Kwa hivyo kuchaji na stima yetu badala ya kununua mafuta ya ng'ambo ni jambo zuri, napenda. Ile hainipendezi ni vile nafuu imepangwa. 2023 VAT ya pikipiki za stima iliwekwa sifuri, na mwaka huo huo ikaja bei maalum ya stima ya kuchaji magari, sh 16 kwa yuniti na sh 8 saa za usiku, kabla ya kuongezwa kodi na ada. Lakini hiyo bei iliwekewa mwenye anatumia kuanzia yuniti 200 kwa mwezi, yaani kampuni na wenye magari mengi, si ya mpangaji wa Nyalenda. Rais Ruto alisema Septemba 2023 tutafika pikipiki 200,000 za stima kufikia mwisho wa 2024. Kuhesabu pikipiki ni sawa, lakini mimi ningetaka tuhesabu ngapi ni za mwenye anaziendesha.

mwalimu_maseno:
Mama Nakuru umegonga penyewe. Na si hapa tu. Uingereza mwenye anachajia gari nyumbani analipa VAT ya asilimia 5 kwa hiyo stima, mwenye hana pa kuegesha anachajia barabarani analipa 20, yaani mpangaji ndiye anakatwa zaidi. Marekani walikuwa na nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa mwenye ananunua gari la stima, na kwa miaka mingi kuipata yote ilibidi kodi yako ya mwaka ifike hiyo pesa, sasa mtu wa mshahara mdogo atafikisha wapi? Ufaransa ndio walijaribu tofauti, Januari 2024 wakaanza kukodisha magari ya stima kwa karibu yuro 100 kwa mwezi kwa watu wa kipato cha chini peke yao. Watu waliomba wengi mpaka Februari ikafungwa. Kwa hivyo mtu asiseme maskini hawataki stima. Serikali ikidhamini dipo ya mtu wa steji kupitia sako yake (ushirika wa akiba na mikopo), hao vijana watalipa, wanalipa hesabu kila siku tayari.

nduthi_kondele:
Asanteni sana, hii ya sako sikuwa nimefikiria. Jumapili tuko na mkutano wa steji nitaileta. Mwana wa Lurambi, logbuku yenu, ile hati ya umiliki wa pikipiki, iliandikwa jina la nani, chama ama mwenye zamu?

mwana_wa_lurambi:
Mwenye zamu, lakini chama inashikilia mpaka kila mtu apate yake. Andikeni hiyo kwa karatasi na kila mtu atie sahihi kabla hamjatoa hata shilingi. Na mkiongea na watu wa pikipiki waulizeni kuhusu betri kwanza, kukodisha ni ngapi kwa siku, na wakipandisha hiyo bei mtakuwa na haki gani.